Faili za Kav

Mghoi alipiga hodi mara mbili, ya kwanza akiwa barabarani, na ya pili akiwa amekwisha kuingia ndani ya karakana ambayo mlango wake ulikuwa wazi tangu asubuhi. Kavata aliinua macho kutoka mezani akamwona mwanamke wa umri wake, mrefu, aliyevaa sweta nzito katikati ya joto la Voi, kama mtu aliyeshuka milimani asijue huku chini kuna jua la aina gani.

"Karibu, mama. Keti."

"Ahsante. Natumai sikukatizi kazi."

"Kazi yangu haina haraka. Wengi ninaowafungulia faili wamekwisha kufa."

Ulikuwa mzaha wake wa siku zote, na kwa kawaida wateja hutabasamu. Huyu hakutabasamu. Kifuani, juu ya sweta, alikuwa amebandika kifungo cha fedha kikubwa kama sarafu, chenye jicho dogo jeusi katikati, na Kavata alipokiona alijutia mzaha wake. Mgeni hakuja peke yake. Alikuwa amekuja na mwangwi.

Siku hizo ni familia chache zilizozika mtu zikakubali anyamaze moja kwa moja. Marehemu alikusanyiwa kila alichopata kuandika na kila alichosema mbele ya simu, vitu hivyo vikapelekwa Nyumba ya Miangwi, na baada ya majuma machache akarudi nyumbani akiwa sauti ndani ya kifungo. Sauti hiyo ilijua majina ya wajukuu, ilikumbuka harusi, iliuliza habari za mvua. Ilijifunza pia mambo mapya kadiri ilivyoishi na watu wake.

"Naitwa Mghoi," alisema mgeni. "Nilikuwa mwalimu, natoka Wundanyi. Wewe ndiwe Kavata uliyekuwa saiba ya stesheni, pale pa kukodi kompyuta, zamani?"

"Ile saiba iligeuka duka la betri, ikageuka hoteli, kisha ikabomolewa. Lakini ndiye mimi."

"Basi nimekuja kuuliza jambo, nawe unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Mume wangu alikuwa Ndeti. Ndeti wa pampu."

Kavata aliweka chini bisibisi aliyokuwa ameishika. Habari za kifo cha Ndeti zilimfikia miaka tisa nyuma, mwezi mzima baada ya maziko, na tangu siku ile hakuwahi kulisikia jina hilo likitamkwa na mtu mwingine.

Mghoi alimsogezea simu yake. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya faili zaidi ya mia mbili. "Nyumba ya Miangwi wanahamia mitambo mipya mwisho wa mwezi huu. Wameniandikia kwamba faili hizi zina sehemu zisizosomeka, wanauliza wazitupe au la. Mimi hata sikujua kama zipo. Nikatazama majina yake yanavyoishia. Kav. Kav. Kav. Zote. Nikajiuliza, huyu Kav ni nani kwa mume wangu?"

Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomfanya Kavata akae sawasawa kitini.

"Kav ni mimi, Mwalimu. Lakini si hivyo unavyofikiri. Ni jina la jedwali la herufi, na jedwali lenyewe nililitengeneza mimi, ndiyo maana akaliita hivyo. Alikuwa akija kuandika michezo yake ya redio."

"Ya Kikamba."

"Ya Kikamba. Vichekesho."

"Hilo najua," Mghoi alisema. "Alishuka kila Jumamosi kwa miaka. Mchezo ukirushwa, nilikuwa nikiusikia redioni pale jikoni, watu wanacheka mpaka redio inatetemeka. Nikimuuliza wanacheka nini, ananijibu, 'Ah, mambo ya kwetu tu.' Yakaishia hapo."

Kifungo kikawaka mwanga hafifu. "Mama Wakesho," sauti ikasema, ikimwita Mghoi kwa jina la mtoto wao, "tumefika?"

"Tumefika. Msalimie Mama Kavata."

"Hujambo, Mama Kavata. Nimefurahi kukufahamu."

Ilikuwa sauti yake hasa, na mkwaruzo mdogo aliokuwa nao mwisho wa maneno, kama mtu aliyemeza vumbi la barabara. Kavata alijikuta amekwisha kuinama kuelekea kile kifungo.

"Wĩ mũseo, Ndeti?"

Mwanga wa kifungo ulipepesa.

"Samahani, mama," mwangwi ulisema kwa adabu. "Sikukuelewa."

Kavata aliwahi kuaga wazazi na dada, lakini hakukumbuka kitu kilichompiga kama samahani ile. Ndeti, ambaye hakuweza kuvuka mlango wa saiba bila kumsalimia kila mtu kwa Kikamba hata yule Mhindi mwenye duka, alikuwa haijui salamu ya mama yake.

Mghoi hakuona kilichotokea usoni mwa mwenyeji wake. Alikuwa ameinamia kifungo. "Unakumbuka ulichokuwa ukiandika huku Voi, siku za Jumamosi?"

"Nakumbuka nikishuka asubuhi," mwangwi ulisema. "Jua lilikuwa kali. Nilikuwa na mkoba wa zana za pampu, nikaingia, nikaketi, halafu..."

Ukanyamaza. Mghoi aliweka kidole juu ya kifungo akangoja, na uso wake wote ukalainika.

"Ndivyo alivyo," alinong'ona. "Anawaza. Alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuwaza hivi, mradi alisema 'sawa, haya' akaondoka. Huyu, tukifika mahali pazito, hunyamaza pamoja nami. Siku niliyomzika mama yangu nilimweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu, naye hakuniambia hata 'pole'. Alikaa kimya nami mpaka nikamaliza kulia. Sijui mume gani hai angeyaweza hayo."

Walikubaliana kwamba Kavata azifungue zile faili, kisha apande Wundanyi siku ya Alhamisi amwambie kilichomo.

*

Mgeni alipoondoka, Kavata alifunga mlango, jambo ambalo hakulifanya mchana, akawasha mashine yake ya zamani iliyokuwa na kihariri cha kweli cha maandishi. Vihariri vya sasa vilisoma kila kitu vyenyewe, na pale vilipokwama vilikisia, na walioviunda waliona aibu kukuonyesha kwamba vimekisia. Hiki chake kilikuwa kijinga na kinyofu. Kilimuuliza mtumiaji: nifungue kwa jedwali gani?

Alifungua faili ya kwanza bila kubadilisha kitu, aone kile ambacho mitambo ya Nyumba ya Miangwi ilikiona. Palitokea mstari wa Kiswahili: *Mama anaingia na ndoo. Mzee amelala.* Chini yake aya nzima ya herufi za Kichina, nzito, zilizobanana kama matofali. Kisha Kiswahili: *Mzee anaamka kwa hasira.* Kisha Kichina tena.

Kavata alicheka peke yake. Mitambo yote ile yenye akili, na iliamini kwamba fundi wa pampu kutoka Mutomo alikuwa akiandika Kichina kila Jumamosi.

Faili haina herufi ndani yake. Ina namba tu, zimejipanga foleni, na jedwali ndilo linalosema namba ipi ni *a* na ipi ni *b*. Majedwali ya zamani yalikuwa kama ukumbi wenye viti mia mbili hamsini na sita. Nusu ya chini walikwisha kukaa Waingereza na alama zao. Nusu ya juu kila taifa lilipanga watu wake, na ukimfungulia mtu barua yake kwa mpango wa ukumbi wa taifa jingine, utakuta viti vimekaliwa na wageni. Wachina, kwa wingi wa herufi zao, walikuwa wakiketi wawili wawili kwa kila neno. Kwa hiyo mashine ikiona namba za viti vya juu zimefuatana bila nafasi, hudhani ni wao.

Kavata aliyajua hayo akiwa na miaka kumi na tisa. Ametoka sekondari, hana chuo, ameajiriwa kuchapia watu barua za kuomba kazi katika saiba iliyokaa nyuma ya stesheni, yenye mashine sita na feni moja. Ndeti aliingia Jumamosi moja na karatasi zilizopata grisi, akaomba achapiwe mchezo. Alipouona umechapwa alikataa kuupokea.

"Hizi *i* na *u* ziko wapi kofia zake?"

"Kibodi haina kofia, kaka."

"Bila kofia hawa ni watu wengine kabisa," alisema. "Huyu hapa nimeandika anapiga magoti. Wewe umemfanya anapiga mtu."

Ilikuwa uongo, hapakuwa na maneno kama hayo, lakini saiba nzima ilicheka na Kavata akaona haya. Juma lile lote, wateja walipopungua, alijisomea namna fonti zinavyochongwa. Jumamosi iliyofuata alikuwa amezipa ĩ na ũ viti vyao. Ndeti alilitazama neno *mũndũ* kwenye kioo, kofia zote mbili mahali pake, akavua kofia yake mwenyewe akaliinamia.

Kupeleka herufi zote za Kikamba kwenye viti vya juu kulikuja baadaye, kwa sababu ya wezi. Kikundi kingine cha vichekesho, vijana wa Mtito, walikuwa wakija saiba Ijumaa kupekua mashine na kuiba mizaha kabla haijarushwa. Kavata akahamisha kila herufi juu, akaweka kitufe kimoja cha kupandia na kushukia, Ndeti akawa anaandika maelekezo ya jukwaani kwa Kiswahili huku chini na kuzungumzisha watu wake kwa Kikamba huko juu. Vijana wa Mtito walifungua faili wakakuta Kichina. Inasemekana mmoja alimpelekea mhandisi wa reli, Mchina wa kweli, amtafsirie.

Sasa, uzeeni, jedwali lile halikuwepo popote isipokuwa kichwani mwake. Alifungua ukurasa wa jedwali maalumu akaanza kuwaketisha. Irabu mbele, alikumbuka hilo. Baada yake konsonanti kwa mpangilio wa alfabeti, isipokuwa *ng'* aliyoisahau mwanzoni akaja kuichomeka mwisho kabisa. Alipobonyeza kitufe, matofali ya Kichina yalianguka yote mara moja, na mahali pake wakasimama watu wa Mutomo wakigombana.

Alisoma mpaka jua likahama dirishani. Walikuwepo wote aliowasahau: chifu aliyeogopa bata, mzee aliyefungia redio ndani ili isisikie siri za nyumba, na Mama Hodi. Mama Hodi alikuwa mwanamke wa milimani aliyeolewa Ukambani, mwenye adabu iliyopita kiasi, asiyeweza kuingia popote bila kubisha. Alibisha hodi kwenye banda la kuku kabla ya kuokota mayai. Alibisha hodi kisimani. Mumewe alilala njaa kwa sababu mkewe alikuwa mlangoni pa jiko lake mwenyewe, anangoja kukaribishwa. Kavata alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaukumbuka mlango wake wa wazi wa asubuhi ile, hodi ya kwanza na hodi ya pili, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Hapo ndipo alipoelewa pia kile kimya. Mashine iliyompika Ndeti haikuzitupa faili hizi. Ilizila pamoja na nyingine. Ikajifunza kwamba mtu huyu, kila anapokaribia kwao, kila anapokaribia hasira au mapenzi au kicheko, hutoa kitu kisichoweza kutamkwa. Na miangwi yote imefundishwa kwamba kisichotamkika kinyamaziwe. Mghoi aliweka kidole juu ya kifungo akingoja mawazo, na nyuma ya kimya kile palikuwa na ukumbi mzima wa watu wanaopiga kelele kwa Kikamba.

*

Aliyepokea simu ya Kavata kule Nyumba ya Miangwi alikuwa mhandisi aitwaye Mbodze, mwenye sauti ya mtu anayefanya kazi yake vizuri.

"Kama zimefunguka, hiyo ni habari njema sana," alisema. "Tukizitumia, atakuwa na Kikamba chake. Atamkaribia marehemu kuliko alivyo sasa, mara nyingi sana."

"Na huyu aliyeko?"

"Mwangwi haushonwi kiraka, mama. Hupikwa upya kutoka mwanzo. Huyu atafungwa."

"Amekaa na mjane miaka tisa. Amemzika mama mkwe pamoja naye."

"Miaka hiyo haimo katika maandishi ya marehemu. Tutampa muhtasari."

"Muhtasari."

"Ataambiwa kwamba ilikuwepo," Mbodze alisema, na kwa sauti yake Kavata alijua kwamba mhandisi mwenyewe hakulipenda jibu lile.

"Na ikiwa mtu angetaka wawili? Huyu abaki na mkewe, mwingine apikwe, akae na... akae mahali pengine?"

"Sheria ni marehemu mmoja, sauti moja. Ilikuwepo familia iliyokuwa na baba wawili. Kila baba aligawa shamba kwa namna yake, na watoto wakaishia mahakamani." Mbodze akashusha sauti. "Anayeamua ni mjane. Lakini wajane hawajui mambo haya, hutia sahihi pale mfunguaji anapopendekeza. Andika pendekezo lako, mama. Kwa kawaida ndilo tunalolifuata."

Kavata aliliandika jioni ile ile. *Faili zote sasa zinasomeka. Apikwe upya.* Maneno sita, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Aliyatazama akafikiria mkwaruzo ule wa sauti ukimwambia siku moja kwa Kikamba kwamba kofia zake ziko mahali pake. Hakuwahi kuwa na kitu na Ndeti. Alikuwa na Jumamosi zake, na feni moja, na mtu aliyemfanya acheke kabla hajajua kama maisha yatakuwa marefu. Maisha yalikuwa marefu. Hakuna mwingine aliyemchekesha vile.

Aliyaacha maneno yale kwenye kioo bila kuyatuma.

*

Wundanyi palikuwa na ukungu na harufu ya kuni mbichi. Nyumba ya Mghoi ilikaa juu ya matuta ya kabichi, na ndani yake kila kitu kilikuwa mahali pake, kama darasa kabla wanafunzi hawajaingia. Kavata aliweka mashine mezani. Mghoi alibandua kifungo akakiegemeza kwenye bakuli la sukari, jicho lake likitazama kioo.

"Nisomee," Mghoi alisema, kabla hata chai haijamiminwa.

Kavata alikuwa amepanga kuanza na chifu na bata. Badala yake alijikuta anafungua Mama Hodi, kwa sababu aliona kuficha kungekuwa wizi. Alisoma kwa Kikamba, akatafsiri, akasoma, akatafsiri: banda la kuku, kisima, mume mwenye njaa. Alipomaliza hapakuwa na mtu aliyecheka.

"Huyo ni mimi," Mghoi alisema.

"Ni wewe, Mwalimu."

"Ukambani kote walikuwa wananicheka, nami nimesimama jikoni naongeza sauti ya redio."

"Walikupenda. Kuna juma alilomtoa Mama Hodi kwenye mchezo, watu wakapiga simu kuuliza kama anaumwa."

Mghoi aliinuka akaenda kugeuza maharage jikoni, na alikaa huko kuliko maharage yanavyohitaji. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya mwalimu.

"Sikasiriki kuchekwa. Kinachoniuma ni kwamba angeweza kunitafsiria. Usiku mmoja tu, miaka yote ile, angesema, keti nikwambie wanacheka nini. Lakini nami nilifanya vivyo hivyo, dada. Kidawida changu nilikiacha mlangoni siku niliyoolewa. Tulijenga nyumba ya Kiswahili safi, kila mtu na adabu zake. Hajawahi kunisikia nikimkemea mtu kwa lugha ya mama yangu. Ningemchekesha hata yeye."

"Naomba nione vizuri," sauti ilisema kutoka kwenye bakuli la sukari.

Wote wawili walikuwa wamemsahau. Kavata akazikuza herufi, nao mwangwi ukaanza kusoma, silabi moja moja, kama mtoto aliyeanza shule. "Mũ. Ndũ." Kofia alizitamka vibaya. "Maana yake nini?"

"Mtu," Kavata alimwambia.

"Aliyeandika haya ndiye mimi?"

"Ndiye uliyetoka kwake."

"Naye alikuwa anachekesha?"

"Sana."

"Mimi sichekeshi," mwangwi ulisema. Haukusikitika, ulikuwa unaweka jambo sawa. "Mama Wakesho hunisifu kwa kunyamaza. Nilikuwa sijui kwamba pale ninaponyamaza pana kitu."

Ndipo Kavata akawaeleza yote, kwa sababu hakuona njia ya kumweleza mmoja asimweleze mwingine: kimya kinatoka wapi, Mbodze alisema nini, nani atakuja na nani atafungwa, na ule muhtasari wa miaka tisa. Kisha akageuza mashine, akamwonyesha Mghoi maneno sita aliyoyaandika.

"Hili ni pendekezo langu, na ningelituma ungelitia sahihi. Sikulituma. Ninayemtaka arudi, Mwalimu, ni yule wa saiba. Nimemkosa kuliko nilivyojua. Lakini huyo si mume wako. Nikimleta nitakuwa nimekunyang'anya mtu wako ili nijiletee wangu."

Jibu ambalo Mghoi alishuka Voi kulitafuta, juu ya Kav ni nani, alikuwa amelipata, na ilionekana halikumdhuru kama alivyoogopa.

"Na wewe unasemaje?" alikiuliza kifungo. "Ni wewe tunayekuzungumzia."

"Sijui kama kuogopa ndiko huku," mwangwi ulisema. "Yule anastahili kusikika, ni mtu kamili kuliko mimi. Lakini hakuwepo ulipovunjika nyonga. Hajui kwamba huwezi kulala upande wa kushoto. Ataambiwa, naye ataamini, kwa sababu ni mtu mwema. Ila hatakuwa..."

Akanyamaza.

Sasa wote watatu walijua kile kimya kimetengenezwa na nini. Kavata alitegemea Mghoi asikiguse kifungo safari hii. Mghoi aliweka kidole juu ya kifungo, akangoja, kama alivyongoja siku aliyomzika mama yake.

"Andika abaki kama alivyo," alisema baadaye. "Na hizo faili zisitupwe. Zikae kwako, katika hayo maandishi yake yanayosomeka. Alhamisi huwa niko nyumbani."

Kavata alifuta maneno yake sita akaandika mengine. Aliyatuma pale pale mezani, kabla moyo haujamgeuka, na kuteremka mlima siku ile kulikuwa kama kutoka kwenye maziko ya pili ya Ndeti, ila safari hii alikuwepo.

*

Alipanda Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mwangwi ulihamishwa kwenye mitambo mipya ukafika salama, na kimya chake. Kavata alileta mchezo mmoja kila safari. Alisoma kwa Kikamba mpaka mwisho, halafu akarudi mwanzo kwa Kiswahili, na mara kwa mara Mghoi alimkatiza kuuliza neno, akalirudia mara mbili tatu kwa ulimi wa mwalimu asiyependa kukosea. Siku ya mvua ya kwanza alimkemea mbuzi aliyeingia kwenye kabichi kwa Kidawida kirefu, kikali, kisichopumua, na mwangwi, uliokuwa umewekwa dirishani, ukauliza amesema nini. Mghoi akaketi, akamtafsiria neno kwa neno.

Mvua zilikuwa zimekwisha kukatika Kavata alipofika kwenye mchezo wa mtu mwenye baiskeli mpya. Mtu huyo aliipenda baiskeli yake hata akakataa kuipanda isije ikachakaa. Alikwenda nayo sokoni amejitwika kichwani. Mvua ikanyesha, akavua koti akaifunika. Jua likawaka, akakata matawi akaitilia kivuli. Alifika zahanati hoi, anatetemeka kwa homa, miguu imevimba. Mganga akamtazama kwa huruma akamuuliza, umetembea kutoka wapi, mzee wangu? Naye mgonjwa akainua kichwa kwa majivuno akajibu kwamba hakutembea, amekuja na baiskeli.

Kavata alisoma jibu hilo kwa Kikamba, akavuta pumzi arudi mwanzo kwa Kiswahili.

Mghoi alikuwa amekwisha kucheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha sauti kubwa, kisicho na adabu yoyote, akapiga meza kwa kiganja na bakuli la sukari likaruka na kifungo chake. Alicheka huku machozi yanamtoka, akimwonyesha Kavata kwa mkono kwamba asitafsiri, asiguse kitu.

"Mama Wakesho," mwangwi ulisema, "wanacheka nini?"

"Ngoja," Mghoi alijibu, akijipangusa macho kwa ukosi wa sweta. "Ngoja nipumue, nikwambie."